Jinsi ya Kuchagua Aina ya Nyanya Inayostahimili Joto: Anza na Usiku

Maswali ni yaleyale kila joto linapopanda. "Nyanya zangu zinatoa maua tele, mbona yanapukutika yote?" "Pakiti imeandikwa mbegu inastahimili joto, mbona sijapata kitu?" "Nitajie jina moja tu la mbegu ninunue." Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kupanda, wamesimama mbele ya mimea mirefu, ya kijani, isiyo na tunda. Wakati huo kilichobaki kufanya ni kidogo. Mwongozo huu ni wa kusoma kabla hujasia mbegu.

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi. Mnyanya hauhangaiki sana kuishi kwenye joto, unahangaika kuzaa. Ukipata maji, utabaki na majani mazuri hata siku ambazo wewe mwenyewe unakimbilia kivulini. Kinachoharibika ni chavua, ule unga wa njano wa kiume ndani ya ua, ambao bila huo tunda halitungi. Kwa hiyo aina unayoitafuta ni ile inayotunga matunda hata usiku unapokuwa na joto. Aina inayobaki kijani tu haikufai.

Nadharia ni fupi. Mnyanya hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 29 za Selsiasi na usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Mchana ukipita 32, na usiku ukigoma kushuka chini ya 21 hadi 24, chavua nyingi huwa haina uhai. Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo chavua yake ikifa, hata nyuki wawe wengi namna gani hawataliokoa. Kwenye baadhi ya aina kuna tatizo la pili: joto hurefusha sehemu ya kike ya ua hadi stigma, yaani ncha yake inayopokea chavua, inachomoza nje ya ile koni ya njano inayotoa chavua, na chavua inadondoka bila kuigusa. Tena, chavua huumia hasa siku 7 hadi 15 kabla ua halijafunguka. Ua linaloanguka leo liliumia wiki moja au mbili zilizopita, likiwa bado chipukizi dogo la kijani. Kwa sababu hiyo anayelaumu jua la jana mara nyingi analaumu siku isiyo na hatia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku. Hiki ni cha lazima.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike kila siku.
- Mbegu za aina tatu au nne unazotaka kuzijaribu, na mbegu ya aina moja unayoifahamu tayari, itakayokuwa mlinganisho.
- Vibao au utepe wa kuwekea alama.
- Mizani ndogo.
- Matandazo: nyasi kavu, pumba au majani makavu yasiyo na mbegu za magugu.
- Sehemu ya shamba yenye udongo unaofanana na jua linalofanana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ukiwa chini ya mti, jaribio lako halitakuambia ukweli.

Neti ya kivuli si ya lazima. Ukiwa nayo, iweke juu ya aina zote au usiiweke kabisa.

Hatua ya 1: Pima joto la shamba lako, hasa la usiku

Tundika kipimajoto kivulini, kwenye kimo cha mimea itakavyokuwa, mahali hewa inapopita. Usikitundike ukutani wala chini ya bati, kwa sababu ukuta na bati hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, nawe utasoma joto la nyumba ukidhani ni la shamba. Soma kila asubuhi: kiwango cha juu cha jana na kiwango cha chini cha usiku uliopita. Andika vyote viwili.

Wiki mbili za vipimo ndani ya msimu wa joto zinatosha kukupa picha. Ukiweza kupima msimu mzima kabla ya kupanda, ni bora zaidi. Halafu jiweke kwenye moja ya makundi haya:

- Mchana unapita 32, lakini usiku unashuka chini ya 20. Wewe una nafasi kubwa. Aina nyingi nzuri zitazaa kwako, hata baadhi ya zisizosifiwa kwa joto.
- Mchana unapita 32 na usiku unabaki kati ya 21 na 24. Hapa ndipo uchaguzi wa aina unapoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote.
- Usiku haushuki chini ya 25 kwa wiki nyingi mfululizo. Hata aina bora zitatoa mavuno kidogo. Tafuta aina inayostahimili, ndiyo, lakini fikiria kwanza kubadili tarehe ya kupanda.

Tahadhari: usichukue joto la utabiri wa hali ya hewa kama ndilo la shamba lako. Bonde, mteremko, ukaribu wa maji na wingi wa majengo hubadilisha usiku kwa nyuzi kadhaa, na kwa mnyanya nyuzi tatu za usiku si jambo dogo.

Hatua ya 2: Jua kama joto lako ni kavu au la mvuke

Aina iliyosifiwa jangwani inaweza kukuangusha pwani. Kwenye hewa kavu sana, stigma hukauka na chavua haishiki. Utitiri mwekundu huzaliana haraka, na jua huunguza matunda yasiyofunikwa na majani. Kwenye hewa yenye mvuke mwingi, chavua hugandamana ndani ya ua na haidondoki; mnyauko bakteria hushamiri udongo unapokuwa wa moto na wenye maji, na magonjwa ya majani hayakupi nafasi ya kupumua.

Kwa joto kavu, tafuta aina yenye majani mengi yanayofunika matunda. Kwa joto la mvuke, weka upinzani wa magonjwa mbele karibu sawa na uwezo wa kutunga matunda, kwa sababu mmea uliokufa hauna maua ya kuhesabu.

Hatua ya 3: Hesabu maua yatafunguka lini

Chukua kalenda. Miche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Baada ya kupandikizwa, maua ya kwanza hutokea kati ya wiki ya 3 na ya 5, mapema zaidi kwa aina fupi. Kutoka tunda kutunga hadi kuiva ni wiki 6 hadi 8 hivi, na joto hufupisha muda huo.

Sasa weka alama kwenye wiki zenye usiku wa joto kali, kisha uongeze wiki mbili baada yake, kwa sababu ya chavua inayoumia ndani ya chipukizi. Kipindi chote hicho ni cha hatari kwa maua. Angalia maua yako yanaangukia wapi.

Ukiona vishada vitatu au vinne vya kwanza vinaweza kufunguka kabla ya kipindi hicho, una njia mbili, si moja. Unaweza kutafuta aina inayostahimili joto. Au unaweza kutafuta aina ya muda mfupi inayolikwepa: inachanua mapema, inatunga kwa mkupuo, na joto linapofika matunda yamekwisha kushika na yanakua tu. Tunda likishatunga huvumilia joto vizuri kuliko ua. Naiamini sana njia hii ya kukwepa, na inasikitisha kwamba wanaoanza huipita bila kuitazama kwa sababu haina sifa ya kuvutia kwenye pakiti.

Kosa la kawaida hapa: kusoma "siku 65" kwenye pakiti na kuhesabu tangu siku ya kusia mbegu. Kwa nyanya, siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu kupandikiza. Ukikosea hapo, hesabu yako inapotea kwa mwezi mzima au zaidi na maua yako yanaingia moja kwa moja kwenye joto.

Hatua ya 4: Amua umbo la mmea na ukubwa wa tunda

Ukubwa wa tunda unakupa dalili kubwa kuliko rangi au sifa za pakiti. Nyanya ndogo za vishada, zile za mviringo zinazoliwa nzima, hutoa maua mengi sana na kwa kawaida hutunga vizuri kwenye joto kuliko nyingine. Hata nusu ya maua ikianguka, kinachobaki bado ni mavuno. Nyanya za wastani hufuata. Nyanya kubwa za nyama nyingi, zinazokatwa mapande, ndizo zinazoteseka zaidi: maua ni machache, na yakichavushwa vibaya tunda hutoka na makovu na mikunjo. Kama wewe ni mgeni wa joto, usianze na hizo kubwa.

Nyanya za umbo la yai zinapendwa kwa kupika na kusafirisha, na kuna aina nzuri kati yake, lakini kumbuka kwamba huoza kitako kirahisi kuliko za mviringo maji yasipokuwa ya mpangilio.

Kuhusu umbo: nyanya fupi huchanua kwa muda mfupi na kuzaa karibu kwa pamoja. Zinafaa kwa kukwepa joto, na majani yake yaliyosongamana hulinda matunda na jua. Hatari yake ni kwamba maua yakikutwa na wiki mbili mbaya, msimu umekwisha. Nyanya ndefu huendelea kuchanua miezi mingi. Zinaweza kupoteza vishada vitano, usiku ukapoa, zikaanza upya. Mahali ambapo joto huja na kuondoka, nyanya ndefu ni bima nzuri. Ila usizipogoe kama unavyopogoa wakati wa baridi. Ondoa maotea ya chini tu, acha majani yafunike vishada.

Hatua ya 5: Soma pakiti kwa makini

Maneno "inastahimili joto" hayana kipimo kimoja ambacho kila kampuni inakifuata. Yanaweza kumaanisha mmea haunyauki, au tunda halipasuki, au linatunga kwenye joto. Maelezo unayoyataka ni yanayotaja kutunga matunda kwenye joto, na bora zaidi yakitaja nyuzi ngapi, na bora kuliko yote yakitaja nyuzi za usiku. Yasipokuwepo, muulize muuzaji swali hili moja: "Inatunga matunda usiku ukiwa na nyuzi ngapi?" Akijibu kwa kusifu rangi na uzito wa tunda, hajakujibu.

Kisha angalia herufi za upinzani wa magonjwa:

- V ni mnyauko wa verticillium, unaoletwa na ukungu wa udongoni.
- F ni mnyauko fuzari, nao wa ukungu wa udongoni. FF au FFF ni upinzani wa makundi zaidi ya moja ya ugonjwa huohuo.
- N ni minyoo fundo, minyoo wadogo wanaotia vinundu kwenye mizizi.
- T au ToMV ni virusi vya mozaiki.
- TYLCV ni virusi vya majani kujikunja na kuwa ya njano, ambavyo wakulima wengi huviita rasta.
- TSWV ni virusi vya madoa vinavyoenezwa na vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani na maua.

Usichanganye F ya fuzari na F1 inayofuata jina la mbegu. F1 inakuambia ni chotara tu, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, haisemi lolote kuhusu ugonjwa.

Msimu wa joto, TYLCV ndiyo ninayoitafuta kwanza. Virusi hivi huenezwa na inzi weupe, na inzi weupe huongezeka haraka joto linapopanda. Mmea unaotunga vizuri kwenye joto lakini umeshikwa na rasta ukiwa mdogo hautakupa chochote.

N nayo ina siri yake. Upinzani wa minyoo fundo kwenye nyanya nyingi unatokana na jeni iitwayo Mi, na jeni hiyo hulegea udongo unapopita nyuzi 28. Yaani kinga inapungua wakati uleule unaoihitaji. Usitegemee herufi N peke yake kwenye udongo wa moto: weka matandazo ya kutosha kupooza udongo, na usirudie nyanya, bilinganya au pilipili mahali palepale msimu baada ya msimu.

Hatua ya 6: Andika orodha fupi ya aina za kujaribu

Majina ya mbegu hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nitakutajia machache ili ujue ya kulinganisha nayo, si ili uyatafute kwa udi na uvumba. Solar Fire ni chotara fupi kutoka University of Florida, iliyotengenezwa makusudi kutunga matunda mchana unapopita nyuzi 32. Heatmaster na Florida 91 ni chotara nyingine zinazotajwa kwa kazi hiyohiyo. Kwa asiyetaka chotara, Homestead 24 ni aina ya zamani iliyozalishwa kwa ajili ya joto na mvuke wa Florida, na Porter, yenye matunda madogo, imelimwa miaka mingi kwenye joto la Texas. World Vegetable Center, kituo kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, kimetoa vizazi vya nyanya za ukanda wa joto ambavyo watafiti wa nchi nyingi wamevitumia kuzalisha aina zao. Kimojawapo, CL5915, hutumika sana kama kipimo cha kulinganishia kwenye majaribio ya joto. Kituo cha utafiti wa kilimo cha nchi yako huenda kinazo aina zenye asili hiyo chini ya jina jingine. Uliza.

Changanya orodha yako: aina moja ya matunda madogo, moja fupi ya kukwepa, moja au mbili zinazotajwa kutunga kwenye joto. Zisizidi nne. Ukianza na aina kumi hutaweza kuzihesabu vizuri, na usipohesabu utachagua kwa macho, na macho hupenda majani.

Chotara au mbegu za kawaida? Kwa joto kali, chotara nyingi hufanya vizuri zaidi, lakini si zote. Jambo la kujua ni kwamba mbegu ulizokamua kutoka tunda la chotara hazitazaa mimea inayofanana na mama yao. Baadhi zitastahimili joto, nyingine hazitastahimili. Ukitaka kuhifadhi mbegu zako mwenyewe, anza na aina isiyo chotara na uchague mmea uliotunga vizuri zaidi wiki zile mbaya kuliko zote.

Hatua ya 7: Panda jaribio dogo la haki

Sia mbegu zote siku moja. Kitalu kiwe kwenye kivuli chepesi, kwa sababu udongo ukipita nyuzi 35 mbegu nyingi hazioti, na utaitupa aina nzuri kwa kosa la kitalu.

Panda mimea 12 kwa kila aina, lakini usiiweke yote kwenye mstari mmoja. Gawa shamba sehemu tatu. Katika kila sehemu panda mimea minne ya kila aina, ukibadilisha mpangilio wa aina. Hivyo, kama kona moja ina udongo mbaya au inapata maji mengi, haitaonea aina moja peke yake. Aina ya mlinganisho nayo ipate nafasi sawa.

Kila kitu kingine kiwe kilekile: nafasi kati ya mimea, mbolea, maji, matandazo, dawa. Mwagilia mapema asubuhi, kwa kiasi kisichobadilika sana. Mbolea ya nitrojeni iwe ya kadiri. Ukiizidisha, mimea itanenepa majani na kuangusha maua hata bila joto, nawe hutajua ni nani wa kulaumiwa.

Bandika kibao kwenye kila kikundi, na chora ramani kwenye daftari. Vibao hung'olewa na mvua, na watoto, na kuku. Ramani ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 8: Hesabu maua, kisha matunda

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na bila hii umepanda nyanya tu, hujajaribu aina.

Kwenye kila mmea, fuatilia shada la pili, la tatu na la nne. La kwanza mara nyingi hutokea kabla joto halijakolea. Funga utepe kwenye kila shada, andika tarehe na idadi ya maua yaliyofunguka. Rudi baada ya wiki mbili, hesabu matunda yaliyopita sentimita 1. Vitunda vidogo kama kichwa cha pini usivihesabu, vingi havitakua.

Gawanya matunda kwa maua, zidisha kwa 100. Tuseme aina A ina maua 60 na matunda 27: hiyo ni asilimia 45. Aina B ina maua 90 na matunda 27: asilimia 30. A inatunga vizuri zaidi, lakini matunda ni idadi ileile, kwa sababu B inachanua zaidi. Ndiyo maana asilimia peke yake haitoshi. Pima pia kilo za matunda mazuri kwa kila mmea hadi mwisho wa mavuno. Kilo zinakuambia aina ipi ichukue shamba. Asilimia inakuambia kwa nini, na kama itaweza kurudia mwaka ujao.

Kuna kipimo cha haraka cha kufanya ukiwa shambani. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, chagua ua lililofunguka vizuri, lipigepige taratibu juu ya karatasi nyeusi. Ukiona vumbi la njano, chavua inatoka. Usipoona kitu kwenye maua mengi ya aina moja huku jirani yake ikitoa vumbi, umepata jibu mapema. Tazama pia kama stigma imechomoza nje ya koni. Vumbi peke yake halithibitishi kwamba chavua ni hai, kwa hiyo endelea kuhesabu.

Linganisha tarehe za mashada na vipimo vyako vya joto, ukirudi nyuma wiki moja hadi mbili. Shada lililotunga vizuri ingawa chipukizi zake zilipitia usiku wa nyuzi 24 lina thamani kuliko mashada matatu ya wiki ya baridi.

Hatua ya 9: Pasua matunda na uonje

Kutunga si mwisho. Kata matunda matano ya kila aina katikati. Joto linaweza kutoa matunda yenye mbegu chache au yasiyo na mbegu kabisa, mepesi, yenye mapango ndani badala ya uteute. Angalia mabega: yakibaki ya njano na magumu, aina hiyo haivumilii jua. Kisha onja. Aina iliyotunga kwa wingi lakini haina ladha haitarudiwa na mtu yeyote mezani kwako wala sokoni.

Hatua ya 10: Chagua mbili, si moja

Chukua aina iliyotoa kilo nyingi za matunda mazuri, na ya pili iliyofanya vizuri kwa njia tofauti: kama ya kwanza ni fupi ya mapema, ya pili iwe ndefu, au ya matunda madogo. Misimu ya joto haifanani. Rudia jaribio dogo msimu unaofuata, ukiweka mshindi kama mlinganisho mpya.

Mambo yanapokwenda mrama

*Maua yanapukutika na mmea ni mkubwa, wa kijani kilichokolea.* Punguza nitrojeni kwanza, ndipo uhukumu aina. Ikiwa mlinganisho nao uko hivyohivyo, tatizo ni mbolea au joto lililopita kiasi, si mbegu.

*Maua hayaanguki, lakini vitunda vimeganda havikui.* Uchavushaji haukukamilika. Tikisa mimea au waya unaoishikilia kila asubuhi hewa ikiwa tulivu, hasa penye mvuke mwingi. Itasaidia pale chavua ilipo hai lakini imegandamana. Chavua iliyokufa haisaidiwi na kutikiswa.

*Matunda yanaiva njano au rangi ya machungwa badala ya nyekundu.* Rangi nyekundu haitengenezwi vizuri joto la tunda linapopita nyuzi 30 hivi. Chuma yanapoanza tu kugeuka rangi, yaivishe ndani, kivulini, penye nyuzi 20 hadi 25. Usiitupe aina kwa sababu hii peke yake.

*Kitako kinakuwa cheusi na kuzama.* Kalsiamu haifiki kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi. Sawazisha umwagiliaji na ongeza matandazo kabla ya kukimbilia dawa. Aina moja ikioza kitako wakati nyingine kwenye maji yaleyale ziko salama, ishushe daraja.

*Mabaka meupe yaliyokauka upande wa jua.* Ni kuungua. Umepogoa sana, au aina ina majani machache. Neti ya kivuli cha asilimia 30 inasaidia. Kivuli kizito mno hupunguza maua.

*Majani yanajikunja.* Majani ya chini yaliyojikunja kwenda juu, manene, lakini ya kijani, kwa kawaida ni mmea kujilinda na joto, acha. Majani machanga ya juu yakiwa madogo, yamejikunja, na kingo zake ni za njano, huku mmea umedumaa, shuku rasta. Ng'oa mapema, dhibiti inzi weupe, na usiuingize mmea huo kwenye hesabu ya kutunga matunda. Uandike kwenye safu ya magonjwa.

*Mmea unanyauka ghafla ukiwa kijani na haurudi usiku.* Kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka baada ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Dawa ya kuutibu haipo. Kwenye udongo huo fikiria kubebesha nyanya yako juu ya shina la chini linalostahimili, kama nyanya ya Hawaii 7996 au bilinganya EG203. Ila fahamu kwamba kubebesha huokoa mizizi. Chavua ya aina uliyobebesha hubaki na udhaifu wake uleule wa joto.

*Aina zote zimefeli, hata zile zinazosifiwa.* Rudi kwenye daftari uangalie usiku. Kama kwa wiki nyingi haukushuka chini ya nyuzi 25, tatizo haliko kwenye orodha yako ya mbegu. Hamisha tarehe ya kusia ili vishada vya kwanza vifunguke angalau wiki mbili baada ya usiku kuanza kupoa, au vimalize kutunga kabla joto la usiku halijaongezeka. Kama mimea yako ni mirefu na bado ina afya, usiing'oe: iondolee mashada yaliyokauka, iongezee matandazo, endelea kuimwagilia. Usiku ukishuka, subiri wiki mbili hadi tatu, kisha anza kuhesabu upya kwenye mashada mapya.